Miaka miwili ya saikolojia na teknolojia ya kidijitali: tathmini ya aliyeimaliza kozi

Nilisomea shahada ya uzamili ya saikolojia na teknolojia ya kidijitali nikiwa Dar es Salaam, kwa njia ya mtandao, katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza ambacho sitakitaja, kwa kuwa baadhi ya niliyokutana nayo hayakunipendeza na sina haja ya kugombana na mtu. Ilinichukua miaka miwili ya kusoma usiku baada ya kazi, na cheti nimeshakipata. Ninaandika kwa ajili ya yule anayeona tangazo la kozi ya namna hii akajiuliza kama ni saikolojia kweli au ni masomo ya kompyuta yaliyoazima jina.

Ni saikolojia, tena ile ya majaribio na takwimu. Anayetarajia kufundishwa kutengeneza programu za simu atavunjika moyo, na anayedhani atatoka akiwa mtaalamu wa kutibu wagonjwa wa akili amegonga mlango usio wake, kwa maana shahada hii haimpi mtu ruhusa ya kumtibu yeyote. Kinachofundishwa ni jinsi binadamu anavyoona, anavyokumbuka, anavyoamua na anavyohusiana na wenzake pale kioo cha simu au kompyuta kinapokuwa katikati yao, na zaidi ya hayo, jinsi ya kuyapima mambo hayo bila kujidanganya.

Kujidanganya ndiko tulikoanza nako. Wiki ya pili tulitakiwa kukadiria tunatumia simu kwa saa ngapi kwa siku, kisha tufungue kihesabu kilichomo ndani ya simu yenyewe. Niliandika saa mbili. Simu ikasema saa nne na dakika hamsini. Mwenzetu mmoja alikosea kinyume changu, akaandika saa saba na kukuta tatu. Mhadhiri hakutucheka, bali alitueleza kwamba tafiti nyingi kuhusu madhara ya simu zimejengwa juu ya makadirio kama hayo yetu, kisha akatupa makala ya Amy Orben na Andrew Przybylski ya mwaka 2019, iliyochambua data za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza na kukuta kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza kiasi kisichozidi asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi baina yao. Nami nilijiunga nikiwa na hakika kwamba simu zinawaharibu watoto, na kwamba nitapata ushahidi wa kuwaonyesha wazazi wenzangu. Sikuupata, na nadhani ada yangu ilianza kujilipa siku hiyo.

Mihadhara ya maadili nayo ilikuwa mizuri, hasa ule uliohusu jaribio ambalo Facebook ililifanya mwaka 2012 kwa watumiaji 689,003, likachapishwa mwaka 2014. Kwa wiki moja baadhi yao walipunguziwa machapisho yenye maneno ya furaha na wengine yenye maneno ya huzuni, ili ionekane kama hisia huambukizana kupitia mtandao. Athari iliyopatikana ilikuwa ndogo mno, lakini hakuna aliyeulizwa kama yu radhi kushiriki. Tulibishana juu yake wiki nzima, na mimi nikalazimika kuisoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, jambo ambalo nisingelifanya kwa hiari yangu.

Hata hivyo, sehemu niliyoipenda kuliko zote ni maabara. Maabara yenyewe ilikuwa kompyuta mpakato yangu na PsychoPy, programu ya kuendeshea majaribio ambayo ilianzishwa na Jonathan Peirce katika Chuo Kikuu cha Nottingham na hutolewa bure. Jambo la kwanza inalokufundisha ni unyenyekevu mbele ya kioo. Kioo cha kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 17 hivi, kwa hiyo ukiagiza neno lionekane kwa milisekunde 20 hutazipata hizo 20. Utapata 17 au utapata 33, na usipolijua hilo utaandika katika ripoti yako muda ambao haukuwapo.

Zoezi letu lilikuwa kurudia jaribio la John Ridley Stroop la mwaka 1935, ambamo mshiriki huonyeshwa jina la rangi lililoandikwa kwa wino wa rangi nyingine, naye hutakiwa kutaja rangi ya wino, si kusoma neno, huku ikipimwa jinsi neno lenyewe linavyomchelewesha kujibu. Niliamua kulifanya kwa Kiswahili, na hapo ndipo utamu ulipoanza. Majina ya rangi ya Kiingereza yanayotumika humo karibu yote ni ya silabi moja, ilhali kwetu "nyekundu" na "kijani" yana silabi tatu na "bluu" na "njano" yana mbili, tofauti ambayo peke yake inaweza kuvuruga muda wa majibu. Tena niliowapima hawakukubaliana juu ya majina: mmoja alisema "bluu", mwingine "samawati", hata ikanibidi niache majibu ya sauti na kutumia vitufe. Shangazi yangu, mshiriki wa tatu, alilisimamisha jaribio katikati. "Mwanangu," aliniambia kwa upole, "aliyekuandikia haya amekosea, mbona nyekundu kaiweka kijani?" Data zake sikuzitumia, ila sijapata maelezo mafupi zaidi ya jaribio hilo.

Sasa malalamiko. Mihadhara ya moja kwa moja ilianza saa mbili usiku kwa saa za Uingereza, ambayo majira ya baridi ni saa tano usiku kwetu, na rekodi zake zilikuwa za ubora mkubwa usioweza kupunguzwa, kwa hiyo kifurushi cha wiki kilikwisha siku ya tatu. Msimamizi wa tasnifu yangu alikaa wiki sita na sura moja kabla ya kuirudisha ikiwa na sentensi mbili za maoni.

Hayo yanavumilika. Lisilovumilika kirahisi ni kwamba kozi nzima inachukulia kuwa mtu mmoja ana simu moja, naye ndiye pekee anayeishika. Makala ya Joseph Henrich na wenzake ya mwaka 2010, inayolalamika kwamba saikolojia imejengwa juu ya watu wa nchi chache tajiri, ilikuwamo katika orodha yetu ya kusoma tangu muhula wa kwanza, lakini ilisomwa ikapita. Nilipompelekea mama lishe mmoja hojaji inayouliza kama huingiwa na wasiwasi simu yake ikiwa mbali naye, alinitazama kisha akauliza, "Ipi? Hii ninayopokelea hela za wateja, au ile aliyonayo mwanangu shuleni?" Msimamizi alishauri majibu ya namna hiyo yaondolewe kwa kuwa hayakujibu swali. Niliyaacha, nikayaandikia sura nzima, na sura hiyo ndiyo iliyopata alama nyingi kuliko zote, kwa hiyo walau wasahihishaji walisoma.

Kwa mtu anayefanya kazi ya utafiti wa wateja, huduma za fedha za simu au elimu ya mtandaoni, ninaipendekeza kozi ya aina hii, mradi aulize mambo mawili kabla ya kulipa: saa za mihadhara, na kama Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania itaitambua shahada yenyewe, maana utambuzi wa tuzo za nje hupitia kwao. La tatu halihitaji kumuuliza mtu. Pakua PsychoPy, kaa nayo Jumamosi nzima ujaribu kuonyesha neno "kijani" kwa wino mwekundu kwa nusu sekunde na kurekodi kitufe kilichobonyezwa. Ukifika jioni umechoshwa badala ya kukasirika, tafuta kozi nyingine.