Bomba Lipi Linunuliwe kwa Bafu la Nyumbani: Mpangilio kwa Nyumba za Maji ya Tangi Dar es Salaam

Mnunuzi anayeingia katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo hukuta rafu zimejaa mabomba yanayong'aa kwa namna moja, ingawa bei zake zimepishana sana. Mng'ao huo ni tabaka jembamba la kromi ambalo halimwambii mtu chochote kuhusu metali iliyofunikwa, na kwa hiyo hauwezi kuwa kigezo cha kuchagulia. Vigezo vyenye uzito ni viwili, navyo viko nyumbani kwake, si dukani: urefu ambao tangi lake limewekwa, na asili ya maji yanayoingia humo.

Kuhusu urefu, hesabu yake ni nyepesi. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya takriban bar 1, hivyo tangi lililo mita 3 juu ya bomba hutoa bar 0.3 tu, wakati viwango vya Ulaya hupima utokaji wa maji wa mabomba ya kawaida kwa presha ya bar 3. Hii ndiyo sababu mikseri ya gharama kubwa, yaani bomba linalochanganya maji ya moto na ya baridi, iliyobuniwa kwa ajili ya nyumba zenye presha ya kudumu, hutiririsha uzi mwembamba wa maji katika nyumba ya Tabata au Mbagala isiyo na pampu, na lawama zote zikamwangukia fundi bomba asiye na kosa. Kuhusu asili, maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yanayotoka mto Ruvu si sawa na ya kisima kirefu, kwani visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na chumvi huila metali polepole kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Kwa kuzingatia hayo, nafasi ya kwanza inakwenda kwa bomba la njia moja, yaani lisilochanganya maji ya moto na ya baridi, lenye mwili wa shaba ya manjano, ile ambayo mafundi huiita brasi, na kichwa chenye visahani vya kauri kinachofunguka kwa robo ya mzunguko. Njia yake ya maji ni pana, hivyo hufanya kazi hata kwa presha ndogo ya tangi. Halihitaji kukazwa kwa nguvu. Na kichwa chake kikichoka, hufunguliwa na kubadilishwa bila kung'oa bomba zima. Lina udhaifu mmoja: mchanga. Punje zinazosafiri na maji, hasa baada ya mgao, hukwaruza visahani, na bomba likaanza kudondosha. Dawa yake ni chujio linalofungwa kwenye paipu inayotoka tangini, kifaa ambacho wajenzi wengi hukiruka kwa kuwa hakionekani. Anayetumia maji ya kisima chenye mchanga mwingi asione haya kununua brasi ya mtindo wa zamani yenye washa ya mpira, kwa sababu washa ni kitu cha bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika chache. Kwa maji ya chumvi, atafute brasi iliyogongwa alama ya CR au DZR, yaani aina iliyotengenezwa isipoteze zinki yake. Brasi ya kawaida ikikaa muda mrefu katika maji hayo hunyonywa zinki, ikabaki shaba nyekundu yenye vitundu, dhaifu, ambayo siku moja huvunjika mkononi mwa fundi.

Mikseri ya brasi yenye mkono mmoja inashika nafasi ya pili, na hapo ni kwa nyumba yenye hita ya maji pamoja na pampu. Pasipo maji ya moto haina faida yoyote zaidi ya sura. Muuzaji aulizwe kipenyo cha katriji iliyomo, yaani kiini cha ndani kinachofungua na kuchanganya maji: milimita 35 na milimita 40 ni vipimo vya kawaida ambavyo vipuri vyake hupatikana kwa urahisi, wakati mikseri yenye katriji ya umbo la pekee inaweza kumlazimu mtu kutupa kifaa kizima kwa sababu ya kipande kimoja kilichokosekana.

Chuma kisichoshika kutu, cha daraja la 304, ni cha tatu. Kinafaa sana kwa maji ya mto, lakini chumvi hukitoboa vitundu vidogo. Cha nne ni plastiki, ambayo hudharauliwa kupita haki yake. Haina metali ya kuliwa, kwa hiyo katika bafu la nje linalotumia kisima cha chumvi ningeipandisha hadi nafasi ya pili, mradi nyuzi zake zisikazwe kwa spana kana kwamba ni chuma.

Nafasi ya mwisho ni ya aloi ya zinki iliyopakwa kromi. Hili ndilo bomba linalowadanganya wengi, kwa maana dukani hufanana kabisa na brasi, na sumaku haisaidii kulitambua kwa kuwa haivuti brasi wala zinki. Mnunuzi alipime kwa mkono dhidi ya brasi ya ukubwa uleule, kwani zinki ni nyepesi zaidi. Kisha achungulie ndani ya tundu la kuingizia maji, ambako kromi kwa kawaida haifiki. Rangi ya manjano ni brasi, na kijivu ni zinki. Muuzaji asiyetaka bomba litolewe kwenye boksi amekwisha kujibu swali.

Vifaa vingine vya bafuni vinahitaji maneno machache. Bomba la mvua lenye sahani kubwa halina maana chini ya tangi la mita 3. Sahani ndogo yenye matundu machache hutoa maji yenye nguvu zaidi. Bomba la mkono la kujisafishia chooni lifungwe pamoja na koki yake ndogo ya ukutani, nayo ifungwe kila baada ya matumizi, kwa kuwa hosi inayobaki na presha usiku na mchana hupasuka mapema. Anayenunua bomba la mvua la umeme kwa nyumba ya kisima cha chumvi aombe mahususi aina iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambayo waya wake wa joto umefunikwa, kwani maji hayo hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Na bila waya wa ethi uliounganishwa sawasawa, kifaa hicho kisiwashwe hata mara moja.