Darubini ya laki na themanini, miezi minne baadae

Wale mnaouliza kama hizi darubini za bei chee zinamfaa mtoto wa shule, mi nilichukua moja mwezi wa tisa 2025, lenzi ya mbele upana milimita 70, fokasi (umbali toka lenzi hadi mwanga unapokutana) milimita 700. Nipo Dodoma, dogo langu lilikuwa form one, mfumo wa jua walishasoma na alikuwa anakariri kama wimbo, dunia inajizungusha kwa saa 24, ukimuuliza umejuaje anakutolea macho.

Kwanza boksi linadanganya. Limeandikwa inakuza mara 525, msibabaike, kwa lenzi ya milimita 70 ukishavuka mara 140 hivi ni ukungu mtupu. Hesabu yenyewe rahisi, unachukua 700 unagawa kwa namba iliyoandikwa kwenye kile kilenzi cha kuchungulia, cha 20 kinakupa mara 35 na ndo hicho natumia siku zote, cha 4 sijui walikiweka cha nini. Stendi nayo nyepesi balaa, ukiigusa tu mwezi unacheza mdundiko, mpaka nikaning'iniza kidumu cha maji lita tano katikati ya miguu ndo ikatulia.

Halafu ndani kuna kioo cheusi cha kufunga kwenye kilenzi eti uangalie jua. Nilikitupa siku hiyohiyo. Joto lote la jua linakusanyika palepale, kikipasuka jicho lako liko hapo hapo, aisee msijaribu.

Sasa utamu. Mwezi usisubiri uwe mpevu, unakupiga usoni kama tochi huoni kitu, ukiwa nusu ndo vivuli vinalala na yale mashimo yanaonekana mpaka kingo zake. Zohali (Saturn), ile sayari ya pete, ilinivunja moyo kidogo maana mwaka huo pete zake zilikuwa zimetugeukia ubavu, inatokea kila miaka 15 hivi, tukaona kama njegere imechomwa sindano. Mshtarii (sayari ya Jupiter) wa Desemba ndo ulilipa hela yangu, miezi yake minne inayoizunguka imejipanga mstari, ileile aliyoiona Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, mwaka 1610, kesho yake usiku tukakuta imebadilishana nafasi na dogo akaanza kuichora kwenye daftari bila kuambiwa.

Lakini kilichonifanya niandike hapa ni kasoro. Hii haina mota, ukiiweka nyota katikati, dakika mbili tatu imeshatoka pembeni. Mi nikawa nanung'unika, dogo akaniuliza "Baba mbona inakimbia?", nikataka kumjibu stendi mbovu, nikasita. Nikamwambia inayokimbia si nyota, ni sisi, huku karibu na ikweta tunazungushwa kama kilomita 1,670 kwa saa. Alikaa kimya, akachungulia tena, safari hii hakuisogeza, akawa anaiangalia tu ikitoka. Mara ya kwanza kumuona hajakariri.

Tangu hapo maswali hayaishi. Jioni moja mwezi mwandamo umelala kama mtumbwi, akaleta kitabu, mle umechorwa umesimama wima, anauliza nani kakosea. Hakuna aliyekosea mwanangu, mchoro ule ni wa watu wa mbali na ikweta, kule jua linazama kwa kuteleza upande, huku kwetu linashuka karibu wima, na upande unaong'aa siku zote unalitazama jua lilikojificha, kwa hiyo unamulikwa kwa chini. Hilo hata mimi nililiwaza vizuri siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Kama bajeti yako ni hiyo, nunua, ila kabla hujalipa mwambie muuzaji akufungulie boksi uikaze stendi mwenyewe, yangu skrubu moja haikuwepo na dukani waliniruka. Na kwa mlioko Dodoma, vumbi hili, mfuniko wa mbele peke yake hautoshi, mi naivalisha soksi ya zamani ya kuchezea mpira juu yake.