GIMP 3.0 kwa kazi za uchapaji: namba inazokuonyesha, na zile inazokuficha usipoipanga

Ninaipitia GIMP 3.0, programu ya kuhariri picha, kwa jambo moja tu: inavyoshughulika na rangi zinazopita mpaka wa kile ambacho skrini au chapa inaweza kuonyesha. Brashi na mengineyo nayaacha.

Tuanze na 255, maana hapo ndipo picha nyingi huharibikia. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila chaneli (nyekundu, kijani na bluu), kuanzia 0 hadi 255. Chukua ua la kitenge lenye nyekundu 230, kijani 70, bluu 40. Ongeza mwanga kwa kuzidisha na 1.3: ilipaswa uwe na 299, 91 na 52, lakini nyekundu inabanwa kwenye 255 huku mbili zilizobaki zikipanda kama kawaida. Uwiano umeshavurugika, kwa hiyo ua linasogea kidogo kuelekea rangi ya chungwa, na mikunjo ya kitambaa iliyokuwa kwenye nyekundu inafutika. Kurudisha mwanga chini baadaye hakusaidii, kwa sababu pikseli ya 260 na ya 299 zote zimeshakuwa 255.

Dawa ipo kwenye menyu ya Image > Precision. Chagua biti 32 za desimali, mfumo wa mwanga mnyoofu (linear light), KABLA ya kugusa kitu kingine chochote. Uwezo huu ulikuja na toleo la 2.10 mwaka 2018, ila naona wengi hawaufungui. Katika modi hiyo 1.0 ndiyo 255 ya biti 8, na thamani inaweza kuzidi 1.0 au kwenda chini ya sifuri bila kukatwa, na hapo ndipo programu hii inaponipendeza.

Jaribu mwenyewe. Tengeneza picha yenye profaili (maelezo ya namba ipi ni rangi ipi) ya Adobe RGB, ijaze kijani kitupu 0, 255, 0, kisha uigeuze kwenda sRGB, profaili ya kawaida ya skrini yenye wigo (eneo la rangi inazoweza kubeba) mdogo zaidi. Kwa biti 8 utasoma tena 0, 255, 0, utadhani hakuna kilichotokea. Kwa biti 32 utasoma takriban -0.40, 1.00, -0.04. Hizo hasi si kosa la programu. Zinakwambia kijani hicho kiko nje ya wigo wa sRGB, na kimezidi kwa kiasi gani. Kusoma namba hizo, buruta alama ya sampuli kutoka kwenye rula huku umeshika Ctrl, kisha kwenye paneli ya Sample Points chagua "Pixel". Usisome kwa msimbo wa HTML: tarakimu zake mbili kwa chaneli huanzia 00 na kuishia ff, hazina pa kuandikia hasi.

Na hapo tofautisha kugeuza profaili (Convert) na kubandika profaili (Assign). Kugeuza hubadili namba ili rangi ibaki ilivyo: kijani kitupu cha sRGB kikienda Adobe RGB kinakuwa 144, 255, 60. Kubandika huacha namba na kubadili rangi. Ukiona picha nzima imekolea ghafla kama imemwagiwa sharubati, umebandika palipohitaji kugeuza.

Kwenye prufu ya skrini (kuona kwenye skrini jinsi chapa itakavyotoka), toleo la 3.0 limepiga hatua. Profaili ya uchapaji sasa inawekwa kwenye picha yenyewe, na kuna kitufe chake kwenye ukanda wa chini wa dirisha. Omba profaili kwa mpiga chapa wako. Kwa uchapaji wa ofseti kwenye karatasi laini iliyopakwa (coated), ISO Coated v2 (300%) ni ya kawaida. Hiyo 300 ni kikomo cha jumla ya wino wa rangi zote nne za CMYK: samawati (cyan), majenta, njano na nyeusi. Kisha kwenye View > Color Management washa alama ya rangi zilizo nje ya wigo. Rangi ya onyo ibadilishe kwenye mipangilio iwe isiyokuwepo kwenye picha. Kwa vitenge naweka kijivu.

Udhaifu wa onyo hilo ni kwamba linajibu ndiyo au hapana tu. Rangi iliyozidi kidogo na iliyozidi mno zinapakwa kijivu kilekile. Ndiyo maana lazima usome Lab (kipimo cha rangi ambacho b yake ikiwa hasi huelekea bluu) kwenye alama zako. Bluu tupu ya sRGB ina b ya karibu -112. Bluu inayochapwa kwa wino wa samawati na majenta kwenye karatasi hiyo laini hufika karibu -46. Pengo hilo hakuna ujanja wa kuliziba. Unachoweza kuchagua ni jinsi ya kushuka: fungua Colors > Hue-Chroma, punguza kroma (ukolevu wa rangi) kwa barakoa (mask) sehemu hiyo tu, na usogeze bluu kidogo kuelekea samawati. Majenta ikiikaribia mno samawati, bluu hutoka zambarau; mimi huacha pengo la angalau 30%, mfano 100 kwa 70.

Jambo jingine linalochanganya: kuchagua "Perceptual" (hubana rangi zote kwa pamoja) badala ya "Relative Colorimetric" (hukata zilizozidi tu) unapogeuza kwenda sRGB ya kawaida hakubadili kitu. Profaili hiyo ni ya matriksi (fomula tupu ya hesabu), haina jedwali la kubana rangi. Tofauti utaiona kwenye profaili za CMYK.

Kasoro mbili. GIMP bado haina modi ya kuhariri moja kwa moja kwa CMYK. Unafanya kazi kwa RGB, unatoa CMYK wakati wa kuhifadhi TIFF, JPEG au PSD. Anayetaka kurekebisha sahani ya wino mweusi peke yake atafute programu nyingine. Ya pili ni uzito: picha ya megapikseli 24 yenye alfa (chaneli ya uwazi) hula takriban MB 96 kwa kila leya kwenye biti 8, na MB 384 kwenye biti 32. Kwa kompyuta ya RAM ya GB 8, leya tano zinatosha kuifanya ianze kukwama, hivyo unganisha leya mapema na uache biti 32 kwa hatua za rangi pekee.