Chupa ya Majimaji ya Sumaku kwa Darasa la Fizikia
Chupa hii ya kioo, yenye majimaji meusi ya aina aliyoibuni Steve Papell wa NASA mwaka 1963, naipendekeza kwa dhati kwa walimu wa fizikia. Ukisogeza sumaku ubavuni mwake, chembe za magnetiti (madini ya chuma yanayovutwa na sumaku) zenye kipenyo cha nanomita 10 hivi, zilizofunikwa utando unaozizuia zisigandamane, hujipanga kufuata uga wa sumaku, na uso wa majimaji huchomoza miiba iliyopangika kama sega la nyuki; ukiiondoa, miiba hunywea papo hapo. Wanafunzi wangu hawakutaka kuiachia. Kasoro ni kwamba kioo huingia madoa ya kahawia, na sumaku inayouzwa pamoja nayo ni dhaifu, hivyo tafuta ya neodimiamu, metali inayotengeneza sumaku zenye nguvu zaidi.