TAHADHARI: Anayeuza "safari ya chui wa Unguja" anakula pesa za watu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba mlisome hili na mlifikishe kwa kila mnayemjua mwenye mapenzi ya kusafiri kutazama wanyama, awe Dar, Mombasa, Tanga au ng'ambo.

Kuna mtu hapa Unguja anauza safari ya usiku ya kwenda kumuona chui wa Zanzibar. Anataka kianzio kwa dola, kitumwe kwa simu kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina jengine, na anaahidi kuwa chui ataonekana. Chui wa kuwaonyesha hana. Ninaowajua waliolipa ni mke na mume kutoka Uholanzi na kijana mmoja wa Tanga, na wote wamelizwa kwa mtindo ule ule.

Wengi wetu hapa visiwani hatuna habari kwamba wapo watu wanaozunguka dunia kwa ajili ya kuwaona mamalia wa porini tu. Mtu huyo leo yuko Pantanal, Brazili, anamtafuta jaguar, mnyama wa huko anayefanana na chui. Mwakani yuko milima ya Ladakh, India, kwa ajili ya chui wa theluji. Akipata nafasi anakwenda Madagaska kuwatazama lemur. Hawindi wala hafugi. Anatazama, anapiga picha, anaandika kwenye orodha yake. Mimi nami mapenzi yangu ni hayo hayo kwa kadiri ya mfuko wangu, ndiyo maana jambo hili limeniuma. Mtu wa aina hii mnyama asiyepatikana penginepo humtoa mbali sana, na tapeli ameshalijua hilo.

Chui alikuwepo Unguja, hilo ni kweli. Alikuwa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake yalikuwa madogo madogo yaliyobanana. Vijijini iliaminika kuwa wapo wachawi wanaofuga chui na kuwatuma kudhuru watu, na baada ya Mapinduzi ya 1964 alisakwa sana kwa sababu hiyo. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilionyesha video fupi ya kamera ya kutega, ile inayoachwa porini ijipige yenyewe mnyama akipita, wakasema ni chui wa Unguja. Wataalamu wengi hawakuridhika nayo, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kuwa chui huyo bado yupo. Hiyo ndiyo video anayowatumia wateja.

Ile imani ya chui wa kufugwa nayo anaitumia vibaya. Anamwambia mgeni kwamba yuko mzee mashamba huko kusini anayemfuga chui, kwamba mzee hapendi watu wengi, na kwamba watu wa misitu wasiambiwe chochote. Kwa maneno hayo mgeni anafungwa mdomo mwenyewe. Hamuulizi mwenye hoteli, hamuulizi dereva, hapiti msitu wa hifadhi wa Jozani. Usiku anapelekwa kichakani, tochi inamulika, yanaonekana macho mawili. "Huyo!" Kisha macho yanapotea, na hapo inaanza habari ya mzee kutaka sadaka ili mnyama arudi. Waholanzi walitoa sadaka. Jamani, macho yanayong'aa usiku si ushahidi wa kitu. Komba macho yake yanang'aa, paka shume vivyo hivyo, na ngawa juu ya macho ana na madoa mwilini, kwa hiyo mgeni akimuona ubavu mara moja anaapa kuwa ni chui.

Kijana wa Tanga alinionyesha picha aliyotumiwa kabla ya kulipa. Chui amelala juu ya tawi, chini nyasi kavu za rangi ya dhahabu. Ukiikuza, nyuma kabisa pembeni ya kichuguu wamesimama swala pala wawili. Unguja hakuna swala pala. Picha ni ya bara, mbugani, na mtu anaiuza kuwa ni ya kusini Unguja.

Kubwa kuliko pesa ni hili. Waliolalamika aliwaambia atawafidia kwa kuwaonyesha paa nunga. Paa nunga yupo kweli, lakini ni adimu mno: duniani anajulikana hapa Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Ni mwekundu, mdogo, na ana ukanda mweupe unaopita nyuma mapajani. Mholanzi alinitumia picha ya paa waliyeonyeshwa. Amefungwa kamba ya katani nyuma ya kibanda cha makuti, manyoya ya shingoni yamelika mpaka ngozi inaonekana, inzi wamejaa kwenye kidonda. Wakaambiwa wapige picha kwa kuinama ili kamba isionekane. Kila anayelipia kitu kama hicho anamfanya mtu aende kutega mwengine. Wanyama hawa wameshabaki wachache, na mimi sitaki watoto wetu waje kuwasoma paa nunga kama tunavyomsoma chui.

Sasa wageni wenu waambieni yaliyo kweli. Kima punju ni wa Unguja (wachache walipelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970), na kumuona hakuhitaji siri yoyote. Daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita mlangoni pa Jozani. Unalipa pale pale, unapewa risiti na mtembezaji wa hifadhi, na mara nyingi hamjatembea sana mmeshawakuta juu ya miti wanakula majani machanga. Popo wa Pemba naye ni wa Pemba tu, hakuna kwengine duniani. Mabawa akiyafungua ni kama mita moja na nusu. Nendeni Kidike, si mbali na Chake Chake, mlipe kijijini penyewe, kwa sababu wanakijiji ndio wanaowalinda. Nasikia tapeli huyu ameanza kuuza na tiketi za Kidike huku mjini. Msinunue. Na papasi yeyote, hawa vijana wanaowazongea watalii mitaani, akikwambia atapiga makofi ili popo waruke upate picha nzuri, mkataze, kwani mchana ndio wakati wao wa kulala.

Aliye mkweli katika kazi hii haahidi mnyama. Hata huko Ladakh watu wanakaa na darubini kwenye baridi kali na wengine wanarudi bila ya kumuona chui wa theluji, na wenyeji wao huwaambia hivyo kabla hawajalipa. Ukiambiwa "lazima utamuona, ila usimwambie mtu", usitume hata senti. Muombe leseni ya Kamisheni ya Utalii na kitambulisho cha mtembezaji, na uangalie kama jina la laini ndilo lililomo kwenye leseni.

Jina lake siliandiki hapa, maana laini anabadilisha na majina anabadilisha. Mlioshalipa kianzio na safari bado, msiongeze kitu na msitoke naye usiku. Wekeni ujumbe wote aliokutumieni, pamoja na sauti, namba na muda wa kutuma pesa, mwende polisi. Mwenye picha ya paa aliyefungwa azipeleke Idara ya Misitu bila kuzikata, kwa sababu kile kibanda cha makuti kinaonekana vizuri, na watu wa pale watakitambua.