Vanila ya plastiki, ya dukani au ya kutengeneza mwenyewe? Nimezipambanisha hapa Mbeya

Haya jamani, karibuni tena jikoni. Baridi ya Mbeya mnaijua, nimejifunga kitenge juu ya sweta na oveni ipo inawaka tangu mapema. Mezani nina chupa tatu. Hii ndogo ya plastiki ni arki ya vanila ya kawaida, zile zinazojaa kwenye maduka ya Mwanjelwa. Hii ya kioo ni vanila halisi kutoka nje, ya supamaketi, na kwa bei yake unabeba trei ya mayai na Blue Band juu yake. Ya tatu, hii yenye maganda ndani, nimetengeneza mwenyewe.

Wenye haraka, jibu langu ni hili: kama unaoka keki za kuuza vipande, chukua ya plastiki na usijisumbue. Vanila halisi iweke kwa vitu visivyokaa motoni muda mrefu. Wenye nafasi, tuendelee.

Naanza na ya bei rahisi kwa sababu ndiyo inayosemwa vibaya sana. Angalieni lebo, nasogeza karibu na kamera. Maji, propilini glaikoli (kimiminika cha kuyeyushia harufu), vanilini, rangi ya karameli. Hakuna ganda la vanila lililopita humu. Lakini vanilini ndiyo harufu kuu ya vanila yenyewe, na Wajerumani walishaitengeneza maabara tangu 1874. Chupa nyingine zimeandikwa ethili vanilini. Hiyo ni kali zaidi, mara mbili mpaka nne, kwa hiyo mkono ukiteleza keki inanuka kama dawa ya kikohozi. Na rangi isiwababaishe! Muuzaji akikwambia "dada hii orijino, si unaona ilivyo nyeusi", mwambie akusomee lebo.

Halafu tuambiane ukweli, wengi wetu vanila tunaiweka kwa kazi moja tu, kuondoa shombo ya mayai. Kazi hiyo chupa hii inaifanya vizuri kabisa.

Sasa kwa nini halisi ni ghali hivyo? Vanila ni okidi inayotambaa, asili yake Meksiko. Ilipopelekwa nchi nyingine ilitoa maua bila matunda, mpaka mwaka 1841 kule Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi, kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alipogundua namna ya kuchavusha ua kwa kijiti na kidole. Hadi leo, Madagaska, Uganda, hata hapa kwetu Kagera, watu wanachavusha ua moja moja kwa mkono, na kila ua linafunguka siku moja tu, asubuhi. Ganda linakomaa kwa miezi kama tisa. Bado hapo kuna kuchovya maji ya moto, kufunika litoe jasho, kuanika, na kulihifadhi miezi mingine. Takriban kilo sita mbichi zinabaki kilo moja kavu. Kwa hiyo ukiuziwa "vanila asilia" kwa bei ya soda, jiulize nani kachavusha.

Kutengeneza nyumbani ni rahisi, shida ni subira. Gramu 25 za maganda kwa mililita 250 za pombe kali. Ni kama maganda manane hivi, ila mengine ni membamba, bora upime. Chagua yanayopinda bila kuvunjika na yanayong'aa kidogo kwa mafuta. Pasua kwa urefu, tia kwenye chupa ya kioo, mimina vodka ya asilimia 40 mpaka yazame yote. Lazima yazame, kinachobaki juu kinaweza kuota ukungu. Konyagi je? Ina asilimia 35, itatoa harufu, lakini ina ladha yake yenyewe na utaisikia kwenye krimu. Mimi nabaki na vodka.

Funika, weka kabatini gizani, tikisa kila wiki. Baada ya miezi miwili inatumika, miezi sita ndiyo inakuwa tamu kweli. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai inakwenda polepole, vumilieni. Na tafadhali, mtu asiisogeze karibu na jiko la mkaa ili iharakishe. Hiyo ni pombe, inashika moto.

Matokeo sasa. Niliwapa watu wa nyumbani bila kuwaambia ipi ni ipi. Keki ya kakao, hakuna aliyetofautisha. Keki nyeupe, shemeji alibahatisha tu, na mimi mwenyewe sikuwa na uhakika. Joto la oveni linafukuza zile harufu nyepesi, na kakao inafunika zilizobaki. Lakini kwenye kastadi ya maziwa ya Rungwe, niliyotia vanila baada ya kuipua, weee! Ya plastiki ilinukia utamu mmoja tu, basi. Hizi mbili zilikuwa na kitu kama tumbaku kavu na zabibu kavu, na kinabaki mdomoni. Krimu ya siagi vilevile, ila isiwe imeganda kwa baridi, harufu haitoki. Kati ya ya supamaketi na yangu, yangu imeshinda kwa uzito wa ladha.

Najua swali linakuja, pombe je? Kijiko cha chai kimoja kina kama mililita mbili za pombe kwa keki nzima, na sehemu yake inapotea motoni. Siyo yote. Kwa hiyo kama hutumii kabisa, kwa dini au kwa msimamo wako, usikubali kuambiwa imeisha. Chukua ganda, lipasue, lifukie kwenye kopo la sukari lenye mfuniko, liache wiki mbili tatu. Sukari hiyo weka badala ya ile ya kawaida kwenye keki au kastadi, kipimo kilekile. Ikipungua, ongeza sukari juu ya ganda hilohilo, bado lina nguvu.