Ilmenaiti mbele ya lami ya kuni: inafanya nini, inashindwa wapi

Kwa anayechoma kuni kwa mzunguko wa kemikali, yaani oksijeni inaletwa na punje za oksaidi ya chuma badala ya hewa ili moshi uwe kaboni dayoksaidi na mvuke tu, kisha punje huenda tanuri la pili, la hewa, kushiba oksijeni upya, madini ya kuanza nayo ni ilmenaiti, oksaidi ya chuma na titani. Tunaipendekeza bila kusita, ingawa lami, yaani mvuke mzito wenye kunata unaotoka kuni zikipata joto, ndiyo inayoielemea zaidi.

Inayofahamika zaidi huchimbwa Tellnes, Norwei. Nchini Uswidi imetumika kwenye boila ya megawati 12 ya Chuo Kikuu cha Chalmers na ile ya megawati 75 ya Händelö, Norrköping. Boila hizo ziliitumia badala ya mchanga ndani ya tanuri moja, si mzunguko kamili wa matanuri mawili, lakini tabia ya punje inaonekana vizuri.

Kilo 1 ya ilmenaiti iliyoshiba hutoa gramu 50 za oksijeni. Hematiti, oksaidi ya chuma isiyo na titani, ikipungukiwa oksijeni hadi kuwa magnetiti hutoa gramu 33 tu. Gramu 1 ya naftalini, moja ya lami hizo na ile ya vidonge vya kufukuzia nondo, hudai gramu 3 za oksijeni: gramu 60 za ilmenaiti, au 90 za hematiti. Oksijeni basi ipo. Kinachokosekana ni mguso. Sehemu kubwa ya uzito wa kuni kavu hugeuka gesi na lami upesi sana, na kuni zikimwagwa juu ya tabaka la punje, gesi hiyo hupaa bila kuzigusa. Ziingizwe chini kabisa ya tabaka. Badiliko hilo moja lina faida kuliko kununua madini ghali zaidi.

Hata zikigusana, lami hazifanani. Fenoli hutangulia kuvunjika. Benzeni na naftalini hubaki. Ilmenaiti hupokea haraka haidrojeni na kaboni monoksaidi, lakini ni nzito kwa methani na kwa molekuli za pete kama benzeni na naftalini. Tanuri la kuni lishikwe kati ya nyuzi 900 na 950, na mvuke usikatwe.

Hatari kubwa ni punje kunyang'anywa oksijeni kupita kiasi. Chuma kikifikia hali ya metali, huchochea lami kuacha masizi juu ya punje. Punje huyabeba hadi tanuri la hewa, yanaungua huko, na kaboni dayoksaidi uliyotaka kuinasa inatokea kwenye bomba la kutolea hewa la tanuri hilo. Chuma hicho hicho hugandisha punje, tabaka likaacha kuchemka, yaani kurukarushwa na gesi inayopulizwa kutoka chini. Kwa hiyo pima kaboni dayoksaidi kwenye bomba hilo muda wote. Ikipanda, ongeza kasi ya mzunguko au punguza kuni.

Usiihukumu ilmenaiti mpya siku ya kwanza. Mizunguko ya mwanzo ni dhaifu. Baadaye vitundu hufunguka, chuma husogea juu ya punje, na kazi huongezeka. Vitundu hivyo pia huilegeza punje, hivyo vumbi la saikloni, chombo kinachotenga punje na gesi, lipimwe na tabaka lijazwe. Potasiamu ya majivu ya kuni hunaswa na titani, jambo jema kwa tanuri. Mabua ya nafaka yenye silika na potasiamu nyingi ni habari nyingine: majivu yake huyeyuka yakawa gundi, na ilmenaiti haiyaokoi.

Wakati wa kuagiza, taka punje za mikromita 100 hadi 300. Uzito wake ni gramu 4.7 kwa sentimita ya ujazo, mchanga ni gramu 2.65, kwa hiyo feni iliyotosha mchanga inaweza isitoshe. Ilmenaiti ya machimbo ya mchanga, kama iliyotoka Kwale, Kenya, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, ina punje za mviringo zisizo na ncha za kukatika, lakini aina hiyo huwa imepoteza chuma kwa kuchakaa ardhini. Wauzaji hutaja titani kwa sababu wateja wao ni viwanda vya rangi. Wewe omba kipimo cha chuma.